Shule Ikifungwa, Nani Atamwagilia?

Nje ya shule nyingi za msingi Tanzania kuna bango la bati lenye nembo tatu nne na maneno "Mradi wa Bustani ya Shule". Nyuma ya bango uzio umelala, matuta yamebomoka, na mbuzi wa jirani wamekwisha kuijua njia. Pale pale, miaka miwili au mitatu nyuma, mgeni rasmi alipanda mche wa kwanza, watoto wakaimba, picha zikapigwa. Fedha zilitumika kama bajeti ilivyosema. Mafunzo yalitolewa, majembe na ndoo za kumwagilia zikagawiwa, taarifa ya mwisho ikapelekwa kwa mfadhili. Kisha shule ikafungwa kwa likizo, na ilipofunguliwa mboga zilikuwa zimekauka.

Naandika haya kwa sababu wazo lenyewe naliamini. Mtoto wa miaka mitano au sita akifukia punje ya kunde, akaiona inapasua udongo, akachuma majani yake na kuyala, anapata kitu ambacho picha ya ukutani haiwezi kumpa. Anajifunza kusubiri. Anajifunza kuhesabu siku, kutofautisha gugu na mche, kumtambua mdudu anayekula majani na yule anayemla mdudu mwenzake. Watoto wengi wa mjini siku hizi wanaijua mboga kama fungu la sokoni tu, na hata kijijini wapo wanaolijua shamba kama mahali pa kutumwa, wala si mahali pa kuuliza maswali. Bustani ya shule ikifa, hasara ya mbegu na majembe ni ndogo. Hasara kubwa ni darasa zima la watoto waliofundishwa kwamba kilimo ni jambo linaloanza kwa ngoma na kuishia kwenye majani makavu.

Wala si wazo la jana. Mwezi Machi 1967, mwezi mmodi tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaukumbuka kwa jambo moja, kwamba kila shule iwe na shamba. Lakini ulisema zaidi ya hapo. Ulitaka wanafunzi washiriki katika kuamua shamba litaendeshwaje, na ulitaka hali ya maisha yao shuleni ifungamane na mavuno, ili anayefanya kazi aone kazi yake imemletea nini. Mambo hayo mawili, uamuzi na mavuno, ndiyo yaliyopotea njiani. Kilichobaki katika shule nyingi ni jasho. Mtoto aliyechelewa namba alipewa eneo la kufyeka; aliyepiga kelele darasani akapewa tuta la kulima. Vizazi kadhaa vya Watanzania vilikutana na jembe kwa mara ya kwanza vikiwa vimekosa, na sisi tunashangaa kwa nini vijana hawataki kilimo.

Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hilo. Mwaka 2006, Edie Mukiibi, kijana aliyesomea kilimo Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha pamoja na mwenzake mradi wa bustani za shule katika wilaya ya Mukono. Walichotaka kukivunja kwanza ni mazoea hayo hayo ya kulima kama adhabu. Walirudisha shuleni mazao ya kienyeji na wakawaacha watoto wapike walichokivuna. Kazi ile iliungana na mpango wa vuguvugu la chakula la Slow Food wa bustani barani Afrika, na mwaka 2022 Mukiibi akawa rais wa Slow Food duniani. Kenya nako vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo wazazi wengi wa leo walivipitia walipokuwa shule ya msingi, vilififia kwa miaka mingi kabla Serikali haijavizindua upya mwaka 2021. Nia, basi, ipo. Tunapojikwaa ni kwenye hesabu ndogo ndogo ambazo andiko la mradi huziruka.

Hesabu ya kwanza ni ya maji, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Mboga za majani wakati wa jua zinahitaji kiasi cha lita nne hadi tano kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, basi, linakunywa lita 20 hadi 25: dumu moja kubwa, na siku ya joto dumu na ushei. Miradi hupenda matuta kumi, kwa sababu kumi hujaza picha na hujaza jedwali. Matuta kumi ni madumu kumi hadi kumi na mawili kila siku ya Mungu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, karibu sawa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza mwenyewe. Kama bomba liko mbali, atakayebeba ni nani? Jibu ambalo halijaandikwa popote ni kwamba watabeba wanafunzi wa darasa la sita na la saba, tena wasichana, asubuhi kabla ya vipindi. Bustani iliyokusudiwa kuwafurahisha wadogo inakuwa mzigo wa wakubwa, na baada ya wiki chache kila mtu anaichukia.

Sasa tazama tenki la lita 5,000 lililounganishwa na mfereji wa paa la darasa. Kila milimita moja ya mvua inayoangukia paa la mita za mraba 100 ni lita 100, kwa hiyo hata Dodoma, yenye mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, tenki hilo linajaa bila shida kabla msimu wa mvua haujaisha. Kwa matuta kumi maji hayo yatakwisha ndani ya siku 20. Kwa matuta mawili yatakwenda siku 100. Tenki ni lile lile, gharama ni ile ile, ila shule moja imepata wiki tatu za bustani na nyingine imepata zaidi ya miezi mitatu. Sijawahi kuona hesabu hii kwenye bango wala kuisikia siku ya uzinduzi, na kwangu mimi ndiyo inayoamua kama mradi utaishi.

Na matuta mawili yanatosha. Katika shule moja ya Morogoro vijijini nilimkuta mwalimu wa elimu ya awali aliyekuwa na watoto wapatao 80 darasani. Hakusubiri eka wala trekta. Alichukua matuta mawili ya mita 1 kwa 5, akavuta kamba ya katani akaligawa kila tuta katika miraba ya nusu mita, ishirini kila upande wa njia. Jumla miraba arobaini, kila mraba watoto wawili. Upana wa mita moja aliuchagua kwa makusudi: mkono wa mtoto wa miaka mitano haufiki mbali, na tuta likiwa pana atalikanyaga ili afikie katikati. Kwenye kila mraba alichomeka kijiti chenye kipande cha chupa ya plastiki kilichoandikwa majina mawili. Wasioweza kusoma walichorewa alama: samaki, nyota, kikombe.

Mbegu ya kwanza ilikuwa kunde. Punje ya kunde ni kubwa, vidole vidogo vinaishika, na huota ndani ya siku nne tano. Mchicha ulifuata baadaye, maana mbegu zake ni kama vumbi na mtoto akizimwaga zinarundikana pamoja. Mwalimu alizichanganya na mchanga mkavu kwenye kopo lenye matundu, watoto wakanyunyiza. Siku ya tatu baada ya kupanda kunde, mtoto mmoja alikutwa amechimbua mraba wake.

"Mwalimu, mbona yangu haijatoka?"

"Bado imelala, baba. Ifunike isije ikapigwa na jua."

Hakumgombeza. Mchana alileta bilauri ya kioo, akaweka pamba mbichi na punje mbili za kunde ukutani mwa bilauri ili zionekane, akaiweka dirishani. Kuanzia hapo aliyetaka kujua mbegu inafanya nini chini ya udongo alikwenda dirishani, na miraba ikaachwa ipumue. Hakuna andiko la mradi ambalo lingempa mbinu hiyo. Aliipata kwa sababu alikuwa na muda wa kumtazama mtoto, na bustani yake ilikuwa ndogo kiasi cha kumruhusu.

Kumpa kila mtoto kitalu chake ni jambo ambalo Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alilisisitiza mapema: mtoto awe na sehemu yake, na kuwe na sehemu ya wote. Kwetu tumeelekea upande mmoja tu. Bustani ni ya shule nzima, maana yake ni ya mwalimu mkuu, na mtoto hajui ni mche upi ambao usingekuwepo bila yeye.

Kuhusu cha kupanda nina msimamo mkali. Miradi mingi huanza na nyanya, kabichi na pilipili hoho, kwa sababu ndizo zinazopendeza kwenye vipeperushi. Nyanya huchukua miezi mitatu hivi, inataka kitalu, kuhamisha miche, kuweka mambo na kupiga dawa, na tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014 hata wakulima wazoefu wanalia naye. Dawa za kuua wadudu hazina nafasi kabisa mahali ambapo mtoto wa chekechea anashika udongo kisha anatia vidole mdomoni. Anzeni na kinachokua haraka na kinachosamehe: mchicha, unaong'olewa baada ya wiki tatu hadi nne, kunde za majani, matembele, ambayo ukichomeka kipande cha shina lake kwenye udongo wenye unyevu yanashika yenyewe, mnafu kwa sehemu za baridi. Kituo cha Kimataifa cha Mboga, kupitia tawi lake la Tengeru, Arusha, kimefanya kazi tangu miaka ya 1990 kuboresha mboga hizi hizi za asili, na aina kama mchicha wa Madiira na mnafu wa Nduruma zimetoka huko. Vidukari wakivamia, maji ya sabuni na majivu vinatosha kwa matuta mawili. Na wakishinda, mtoto amepoteza wiki tatu, atapanda tena muhula huo huo.

Mjini mambo ni tofauti kidogo. Uwanja ni wa zege na udongo wenyewe mara nyingi umetoka mahali ambapo pana historia ya taka au gereji, hivyo magunia na beseni zilizotobolewa, zikajazwa udongo unaojulikana umetoka wapi na samadi iliyooza vizuri, ni salama zaidi kuliko kulima pembeni ya ukuta.

Sasa tuje kwenye swali ambalo naliona zito kuliko yote: mboga ikishakomaa, anakula nani?

Shule nilizopita zina majibu ya aina nyingi. Kuna inayouza mafungu kwa walimu ili inunue chaki. Kuna ambapo mavuno hugawiwa wageni. Kuna ambapo mboga huzeeka tuta­ni kwa sababu shule haina jiko. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi na ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipoanza kutolewa bila malipo, wazazi wengi walielewa kwamba michango yote imekoma, pamoja na ya chakula, na sufuria katika shule kadhaa zikawekwa stoo. Kamati nyingi zimefanya kazi ngumu kurudisha uji au makande. Lakini pale ambapo hakuna moto unaowashwa, bustani haina mahali pa kwenda. Jiko na bustani ni mradi mmoja. Ukiwa na fedha za kimoja tu, anza na jiko.

Upo ushahidi kuhusu swali hilo la nani anakula, kutoka mbali kidogo. Kituo hicho hicho cha mboga, ambacho makao yake makuu yako Taiwan, kiliendesha mradi mkubwa wa bustani za shule katika nchi kadhaa, zikiwemo Nepal na Burkina Faso, na kikaupima kwa kulinganisha shule zenye bustani na zisizo nazo. Watoto wa shule zenye bustani walizijua mboga zaidi na walijua zaidi habari za kilimo na lishe. Ila katika nchi hizo mbili kiasi walichokula hakikuongezeka kwa namna ya kuonekana. Walijua, lakini sahani haikubadilika, kwa sababu sahani hupakuliwa nyumbani. Baadaye huko Nepal waliunganisha bustani ya shule na bustani za nyumbani: wazazi nao wakapewa mbegu na mafunzo. Hapo ndipo watoto walipoanza kula mboga zaidi.

Nalipenda tokeo hili kwa sababu halimdanganyi mtu. Maandiko ya miradi hupenda kuahidi kwamba bustani ya shule itapunguza udumavu, ambao utafiti wa afya na watu Tanzania wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Udumavu hujengeka tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto akifika darasa la awali, dirisha hilo limekwisha kufungwa kwa sehemu kubwa. Kuibebesha bustani ahadi hiyo ni kuihukumu ishindwe kabla haijapandwa, na ni kumnyima mama mjamzito fedha ambazo zingemfaa. Lakini bustani inaweza kumfikia mdogo wake mtoto huyo kwa njia nyingine: kipande cha shina la matembele kinachopelekwa nyumbani mkononi. Yule mwalimu wa Morogoro alifanya hivyo siku ya mavuno ya pili. Kila mtoto aliondoka na vipande vitatu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, na wazazi waliokuja kuuliza ni vya nini walielezwa pale pale langoni. Mama mmoja aliniambia alivichomeka pembeni mwa karo, maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Havikuhitaji dumu la ziada.

Likizo ndiyo mtego wa mwisho. Kalenda ya shule inafunga mwezi mmoja kati ya Juni na Julai, na tena kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi Januari. Juni na Julai ni kiangazi sehemu kubwa ya nchi. Desemba, mikoa ya kati ndiyo kwanza inapata mvua yake pekee ya mwaka, na watoto hawapo kuipokea. Kaskazini na Pwani vuli inaisha na jua la Januari na Februari linakuja. Hali hizo ni tofauti, na kila moja inataka mpango wake. Miradi mingi haina hata mmoja. Wanamtegemea mlinzi, ambaye hakuulizwa, na ambaye kulipwa kwake mwenyewe ni kwa kubahatisha.

Njia nyepesi ipo na haihitaji fedha: usiwe na kitu cha kumwagilia wakati wa likizo. Hesabu nyuma kutoka siku ya kufunga shule. Mchicha unaochukua wiki nne usipandwe chini ya wiki tano kabla ya hapo. Wiki ya mwisho vuneni vyote, pikeni, kuleni, kisha mfunike matuta kwa nyasi kavu nene ili udongo usichomwe na jua. Tuta lililofunikwa linapumzika. Likifunuliwa Julai au Januari, minyoo imefanya kazi yake na watoto wanaanza upya na ari. Kwa mikoa ya mvua moja, pandeni matembele na kunde mapema Desemba kabla ya kufunga, na mkubaliane na familia mbili zinazoishi jirani: wapalilie, wazuie mbuzi, na majani ya mwezi huo yawe yao. Makubaliano hayo yasemwe mbele ya mkutano wa wazazi ili yasije yakaitwa wizi.

Kuna pia suala la mwalimu. Mara nyingi mradi humchukua mwalimu mmoja, humpeleka semina siku tatu, humpa cheti. Mwaka unaofuata anahamishwa na ujuzi unaondoka naye. Mpishi wa shule hahamishwi. Mama anayekaa mita mia moja kutoka shuleni hahamishwi. Wafundisheni hao pamoja na mwalimu, kwenye tuta lenyewe, bila ukumbi wala bahasha, na mwalimu mgeni akifika atakuta watu wanaoijua kazi.

Wala majembe si ya watoto hawa. Mtoto wa miaka mitano anachimba kwa kijiko cha chuma kilichozeeka na kumwagilia kwa chupa ya nusu lita iliyotobolewa kifuniko. Nimeona miradi ikinunua majembe ya watu wazima kwa ajili ya darasa la awali. Yakaishia kulima shamba la mahindi la shule, na wadogo wakasimama pembeni wakitazama.

Mabilioni hayahitajiki. Zinahitajika lita 50 za uhakika kwa siku, matuta mawili, moto wa jikoni, watu wazima watatu wasiohama, na ruhusa ya mtoto kuuliza. Shule iliyovipata hivyo ikavikamilisha mihula miwili mfululizo ndiyo ifikirie tuta la tatu. Kamati za shule, ninyi ndio mnaoweka saini. Mgeni akija na andiko la mradi wa bustani, mwombeni afungue kwanza ukurasa wa maji, halafu ukurasa wa jiko. Kama haumo hata mmoja, mpeni soda, mumshukuru, na mumwambie arudi akishauandika.